Kinjia Kinachokatisha Barabara Kuu

Kwenye barabara kuu ninayopita kila siku kwenda kazini kuna kinjia. Kinakatisha ukanda wa nyasi unaotenganisha magari yanayoingia mjini na yanayotoka. Upana wake ni hatua moja tu, na udongo wake umekanyagwa mpaka ukawa mgumu na laini kama sakafu iliyosiribwa. Upande mmoja kuna kituo cha daladala. Upande wa pili kuna genge, zahanati na kona ya kuingilia shule ya msingi. Kuna daraja la waenda kwa miguu, ila liko mbali. Siku moja nilishuka nikahesabu hatua: kutoka kituoni hadi darajani ni hatua 430, na ukishashuka upande wa pili unarudi karibu nyingine kama hizo kuifikia zahanati ambayo muda wote ulikuwa unaiona mbele ya macho yako.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nimewaona hapo watoto watatu wa shule wameshikana mikono. Mkubwa wao alikuwa wa darasa la nne hivi. Walipokuwa wanavuka nusu ya kwanza, yeye alikaa kulia, upande magari yanakotokea. Walipofika kwenye kinjia wakasimama. Akauachia mkono wa mdogo wake, akazunguka nyuma yao, akahamia kushoto, akawashika tena. Nusu ya pili magari yanatokea kushoto, na yeye alitaka awe kati ya magari na wadogo zake. Darasani tulifundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na somo hilo linafaa kwa barabara ndogo ya magari mawili kupishana. Hili la kubadilishana pande katikati ya barabara kuu mtoto yule alilitunga mwenyewe, kwa sababu ilimbidi.

Hicho ndicho tunachokiita kuvuka ovyo.

Nimelifikiria sana neno hilo. Ovyo ni bila mpango, bila kujali. Sasa wale wanaovuka pale wanavuka mahali palepale, saa zilezile, kwa uangalifu ambao dereva wa gari lenye mkanda na mifuko ya hewa hahitaji kuwa nao. Nyasi zisingekufa kwenye mstari mmoja kama kila mtu angekuwa anajivukia popote anapojisikia. Kinjia kile ni ombi la maelfu ya watu lililoandikwa kwa nyayo, na kila siku wahandisi, madiwani, trafiki na sisi wenye magari tunalipita bila kulisoma.

Siku mtu akigongwa pale, taarifa yake tunaijua kabla haijaandikwa. Chanzo cha ajali ni uzembe wa mtembea kwa miguu aliyekatisha barabara ghafla. Au basi ni uzembe wa dereva. Uzembe ni neno linalofunga mjadala. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza kwa nini kituo kimewekwa mahali pasipo na kivuko, nani aliamua zahanati ijengwe ng'ambo ya magari, wala kwa nini barabara inayopita katikati ya makazi imenyooshwa na kupanuliwa hadi mguu wa dereva unazama wenyewe kwenye mafuta. Marehemu anazikwa na lawama yake, dereva anakwenda kituoni, na kinjia kinabaki. Kesho yake asubuhi watoto wanapita.

Kumlaumu anayetembea kuna historia, na historia hiyo haikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mitaa ya miji ya Marekani ilikuwa ya kila mtu: wachuuzi, mikokoteni, watoto wanaocheza, watu wanaosimama kuongea. Magari yalipoingia, yaliua watu wengi, hasa watoto na wazee, na hasira ya wananchi iliwaelekea wenye magari. Mwaka 1923 katika mji wa Cincinnati zaidi ya watu 42,000 walitia saini wakitaka kila gari mjini humo lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Wauza magari na vyama vya wenye magari walishtuka. Walipiga kampeni kubwa, na kura ilipopigwa pendekezo likaanguka.

Tangu hapo waliona kwamba kulitetea gari hakutoshi, lazima lawama ihamishwe. Lilikuwepo tayari neno la kufaa, jaywalker. Jay, kwa lugha ya mjini ya wakati huo, alikuwa mtu wa kuja, asiyejua mambo. Kwa Kiswahili tungesema mshamba, na tungelisema kwa sauti ileile ya dharau. Mtu aliyetembea barabarani kama baba yake na babu yake walivyotembea akaanza kuchekwa kuwa ni mshamba. Skauti walipewa kadi za kuwagawia watu waliovuka pasipo kivuko, wapate kuona aibu mbele ya wenzao. Los Angeles ikatunga sheria kali ya barabarani mwaka 1925, ikambana mtembea kwa miguu kwenye kona na vivuko. Mwaka 1928 ukatoka mfano wa kitaifa wa sheria ndogo za barabarani ambao miji mingine ingeweza kuunakili. Ndani ya miaka isiyofika 10, barabara ilikuwa imebadili mwenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu kile tunachokidhani ni desturi ya asili, kwamba barabara ni ya magari na mtu wa miguu ni mgeni anayeomba kupita, ni uamuzi uliofanywa na watu, mahali fulani, kwa maslahi fulani. Na Marekani yenyewe imeanza kuutafakari upya. California tangu Januari 2023 imewazuia polisi kumwadhibu mtu kwa kuvuka pasipo kivuko isipokuwa pale anapoleta hatari ya wazi na ya papo hapo. New York wakafuta kosa hilo mwaka 2024, baada ya kuonekana kwamba katika watu 10 waliokuwa wakiandikiwa faini, zaidi ya 9 ni Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Watu wa rangi zote walikuwa wakivuka, ila daftari la polisi lilichagua. Uingereza, nchi tuliyorithi kwake kuendesha kushoto, kwa sehemu kubwa haijawahi kukufanya kuvuka pasipo kivuko kuwa kosa. Tangu Januari 2022 mwongozo wake wa barabarani unasema wazi kwamba mwenye uwezo wa kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi kwa wenzake.

Turudi nyumbani, Tanzania. Barabara ya Morogoro, kipande cha Kimara hadi Kibaha, kimepanuliwa kuwa njia nane kwa kilomita 19.2. Tunakumbuka nyumba zilivyobomolewa mwaka 2017 kupisha kazi hiyo. Sisi tuliokuwa tunakaa saa mbili kwenye foleni tunajua faida yake, siwezi kuibeza. Lakini Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya ni makazi ya pande zote mbili. Kanisa liko huku, msikiti kule. Mtoto anasoma ng'ambo, shangazi anauza samaki huku. Barabara imepita katikati ya watu waliokuwa majirani, na sasa kutembeleana ni safari.

Tupige hesabu. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5, kwa hiyo njia nne za upande mmoja ni mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, basi anahitaji sekunde 12 kufika katikati. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Maana yake, ili avuke kwa usalama bila dereva kupunguza mwendo, gari la karibu liwe zaidi ya mita 260 kutoka alipo. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu mita 390, kama viwanja vinne vya mpira. Na hiyo ni nusu ya barabara tu. Nani katika miji yetu ameona pengo la viwanja vinne vya mpira saa moja ya asubuhi? Halipo. Kwa hiyo bibi ama hatavuka kamwe, ama atavuka kwa kubahatisha. Akibahatisha tunamwita mzembe.

Daraja je? Nalipenda daraja pale linapomshusha mtu mahali anapokwenda. Lakini nalo lina hesabu zake. Ili malori yapite chini, lazima liinuke kama mita tano na nusu. Hizo ni ngazi 30 na zaidi kupanda, na nyingine kama hizo kushuka. Anayetumia kiti cha magurudumu au anayesukuma toroli anahitaji mteremko wa polepole. Kwa kipimo kinachotumika sana cha mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda mbele, huo ni mteremko wa mita 66 kupanda na 66 kushuka. Tunamzungusha mlemavu zaidi ya mita 130 angani ili gari, ambalo kuongeza mwendo kwake ni kukanyaga pedali, lisipunguze mwendo kwa sekunde 15. Usiku ni jambo jingine kabisa. Daraja lisilo na taa, lenye kuta za chuma pande zote mbili na pa kukimbilia hakuna, ni mtego wa vibaka, na dada anayetoka zamu saa nne usiku analijua hilo kuliko aliyelichora. Akiona magari yamepungua, anashuka barabarani. Amepima hatari mbili, akachagua ile anayoiona ikija.

Wenzetu wa Kenya wamepita njia hii kabla yetu. Thika Road ilipokamilika mwaka 2012 ilikuwa fahari ya ukanda mzima. Punde yakaja malalamiko ya watu kugongwa, na zaidi ya mara moja polisi wakaweka misako chini ya madaraja kuwakamata waliovuka kwa miguu. Wakamatwe, wapelekwe mahakamani, walipe faini, waachiwe, warudi kazini kesho yake kwa njia ileile. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya theluthi. Wala si jambo la nchi moja. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, dunia nzima hufa watu kama milioni 1.19 kwa mwaka kwa ajali za barabarani, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa anatembea kwa miguu. Shirika hilo linasema pia kwamba asilimia 80 ya barabara zilizopimwa hazifikii kiwango cha chini cha usalama kwa anayetembea. Ukilisoma hilo vizuri, neno uzembe linaanza kutafuta mtu mwingine wa kumkalia.

Mimi pia naendesha gari, na nataka niseme kwa haki upande wa dereva, kwa sababu ugomvi wetu wa barabarani mara nyingi huandikwa kana kwamba dereva ni mnyama na anayetembea ni malaika.

Jioni moja, giza linaanza kuingia, nilisimama kwenye zebra katika barabara ya njia mbili kila upande. Kulikuwa na mama wa makamo mwenye mkoba wa ukindu, amesubiri kwa muda. Nilikuwa njia ya kushoto. Nikamuwashia taa, akaninyooshea mkono kushukuru, akaingia barabarani. Alipofika mwisho wa boneti yangu, bodaboda ikanipita upande wa kulia kwa mwendo ambao sikuuona hata kwenye kioo. Nadhani mama aliisikia kabla ya kuiona. Akaruka nyuma, mkoba ukamponyoka, nyanya zikasambaa chini ya gari langu. Nyuma yangu kirikuu kilikuwa kinapiga honi mfululizo. Nilishuka tukaokota nyanya pamoja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia. Aliniambia, "Mwanangu, bora usingesimama."

Nimeyabeba maneno hayo kwa muda mrefu. Ni kweli: ukarimu wangu ndio uliomwingiza hatarini. Gari langu lilikuwa ukuta. Yeye hakuiona bodaboda, bodaboda haikumwona yeye. Na yule kijana wa bodaboda, nikimfikiria bila hasira, aliona nini? Aliona gari limesimama njia ya kushoto. Katika miji yetu hicho ni kitu cha kawaida kuliko vyote. Daladala linasimama kushoto kupakia, bajaji inashusha, teksi inasubiri abiria. Sehemu nyingine, gari likisimama ghafla, dereva wa nyuma hujiuliza nani anavuka. Kwetu gari lililosimama halina habari yoyote, ni kizuizi cha kukwepwa.

Taa nazo ni vivyo hivyo. Mimi nilipowasha taa nilimaanisha pita. Dereva wa basi la mkoani akiwasha taa anamaanisha nakuja, usithubutu. Alama ni moja, maana ni mbili, na anayetakiwa kutofautisha ni mtu aliyesimama ukingoni mwa lami na mtoto mgongoni. Hatukubaliani hata lugha ya kuzungumza, halafu tunashangaa kwa nini tunatukanana.

Tena mwendo wa dereva wetu una bei. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, iwe kulikuwa na foleni au mvua. Kijana wa bodaboda ana mkataba, analipa kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Kila dakika anayosimama kwenye zebra inatoka kwenye ugali wa nyumbani kwake. Hilo halimpi ruhusa ya kuua mtu. Lakini ukitaka abadilike kwa kuhubiriwa peke yake, huku kila kitu kingine kinamsukuma akimbie, utahubiri mpaka sauti ikauke.

Sheria ipo. Tangu 1973 tuna Sheria ya Usalama Barabarani, na kwenye makazi ya watu mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Anayekamatwa hulimwa faini. Tochi za trafiki nazijua, na madereva wenzangu wanazijua zaidi: ziko baada ya kibao cha 50 kwenye vijiji vya barabara kuu, nyuma ya mti au kwenye mteremko. Hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi. Dereva hujifunza mahali tochi ilipo, anapunguza pale, anaongeza mbele yake, na mbele yake ndiko shule iliko.

Hata hiyo 50 yenyewe tuitazame. Dereva akiona mtu barabarani, huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, anatumia kama mita 8 katika sekunde hiyo na kama mita 5 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Jumla mita 13. Kwa kilomita 50, sekunde ile peke yake imekula mita 14. Kwa hiyo, mtoto akitokea mita 14 mbele, gari la kilomita 30 limesimama na dereva anafoka dirishani. Gari la kilomita 50 linamfikia mtoto breki ikiwa ndiyo kwanza inaguswa. Ni barabara ileile na mtoto yuleyule, na kosa la mtoto ni lilelile. Tofauti ni kilomita 20, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama jioni kuna mtoto wa kugombezwa nyumbani au kuna turubai uani.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema watu wetu wakafundishwe nidhamu ya barabarani, simpingi. Kuna wanaovuka wakiwa wamezama kwenye simu. Kuna walevi wa usiku. Kuna vijana wanaovuka taratibu makusudi, wanamkazia dereva macho kana kwamba wanampima. Nimewaona na wananikera. Lakini mfumo mzuri ni ule unaodhani kwamba binadamu atakosea, kisha unahakikisha kosa lake halimuui. Ndege zinaundwa hivyo, umeme wa majumbani unafungwa hivyo. Mtoto wa miaka saba atakosea. Ndiyo maana ya kuwa na miaka saba.

Na wananchi wenyewe wanalijua hilo kuliko wanavyopewa sifa. Fuatilia kinachotokea mtoto akigongwa na kufa mbele ya shule. Kina mama wanakaa barabarani. Magogo na mawe yanawekwa, matairi yanachomwa, foleni inafika mbali. Hawadai semina. Wanadai matuta. Kiongozi anakuja, anaahidi, na matuta yanawekwa, wakati mwingine baada ya siku chache tu. Ukipita mijini mwetu na kuuliza historia ya tuta, mara nyingi utaambiwa jina la mtoto. Ndio utaratibu wetu wa kupanga usalama: kipimo ni msiba, na uamuzi unakuja baada ya mazishi. Kama tuta linaweza kujengwa ndani ya wiki moja baada ya kifo, lilikuwa linawezekana wiki moja kabla.

Hasira hiyo ina sura nyingine ya kutisha. Dereva akigonga mtu, anajua maneno yatakayoandikwa kesho kama hataondoka: wananchi wenye hasira kali. Kwa hiyo hata mwema anakimbia, anapitiliza kwenda kituo cha polisi, na majeruhi anabaki kwenye lami akitafutiwa bajaji. Nimewahi kukuta hali hiyo. Watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili, moja linamwinua majeruhi, jingine linatafuta mawe. Wote walikuwa na uchungu uleule. Barabara iliyosababisha yote ilikuwa imelala palepale, wala hakuna aliyeitazama.

Tena dawa inajulikana, na baadhi yake imepatikana hapahapa. Dar es Salaam ndiko shirika la Amend lilikofanya kazi ya kuzunguka shule moja baada ya nyingine, kuwauliza watoto wanapita wapi, kisha kuwajengea njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya kuwatenga na magari. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kwanza ya kimataifa ya Ross kwa miji, ikiishinda miradi ya majiji yenye fedha kuliko sisi. Ni zege, rangi, vyuma, na mtu wa kumsikiliza mtoto. Gharama ya daraja moja la chuma ingetosha shule ngapi? Ningependa kila halmashauri ijibu swali hilo hadharani kabla ya kukata utepe mwingine.

Kwenye ile zebra ya mama wa nyanya, kinachohitajika nakiona kila nikipita. Kivuko kiinuliwe kiwe tuta bapa, kila gari katika kila njia lilazimike kupunguza mwendo hata dereva asipotaka. Kabla yake ziwekwe rasta za kumwamsha. Mstari wa kusimamia magari urudishwe nyuma mita kadhaa, ili gari lililosimama lisiwe ukuta wa kumfichia mtu pikipiki. Katikati kijengwe kisiwa cha kusimama, mtu avuke nusu moja apumzike. Kituo cha daladala kisogezwe mbele ya kivuko, ili anayeshuka asikatishe mbele ya basi lililomficha. Rangi irudiwe kabla haijafutika kabisa. Na taa za kuvukia, pale zilipo, zimpe mtu sekunde za mwendo wa bibi, kwa kuwa kijana atazivuka hata hivyo.

Wapo watakaosema matuta yanaharibu gari na kuleta foleni. Tuta lililojengwa kwa koleo na hasira, ndiyo, linaharibu. Tuta lililochorwa na mhandisi linapitwa kwa kilomita 30 bila chombo kugonga chini. Foleni nayo hailetwi na bibi anayevuka kwa sekunde 17. Inaletwa na wingi wa magari yenye mtu mmoja mmoja ndani, langu likiwemo. Helsinki walishusha mwendo hadi kilomita 30 katika mitaa mingi, na mwaka 2019 hakuna hata mtembea kwa miguu mmoja aliyeuawa na gari mjini humo kwa mwaka mzima. Mji haukusimama. Nairobi nayo ilipitisha sera mwaka 2015 ya kutenga sehemu ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo bado haijaonekana vya kutosha chini ya miguu ya watu, lakini angalau imeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Sisi tunayo mabasi ya mwendokasi ambayo vituo vyake vingi viko katikati ya barabara. Kila abiria wake ni mvukaji, mara mbili kwa siku. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendelea kumwona anayevuka kama mkosaji.

Mwezi uliopita mkandarasi alikuja kwenye kile kinjia changu. Wakapanga mawe makubwa, wakachimbia vyuma, wakapanda miche ya miba. Siku mbili mfululizo niliwaona watu wamesimama ukingoni wamechanganyikiwa, wanatazama daraja kwa mbali, wanatazama zahanati. Siku ya nne nyasi zilikuwa zimeanza kulala hatua tano pembeni.

Juzi nilipita nikiwa kwenye foleni, dirisha likiwa wazi. Konda wa daladala lililokuwa mbele yangu, kijana mdogo, alimwona bibi mmoja amesimama hapo na fimbo, cheti cha kliniki mkononi. Akaruka chini gari likiwa bado linajongea. "Shikamoo bibi. Nishike hapa." Akamshika kiwiko, mkono wa pili akaunyoosha juu na noti zake zimekunjwa kati ya vidole, akaingia naye barabarani. Njia ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama. Ya tatu alikwenda mbele ya bibi akalitazama gari usoni mpaka likasimama. Walipofika kwenye majani akamwacha ashike chuma kipya cha mkandarasi, akamwambia, "Bibi, subiri hapo, usivuke peke yako." Akapiga mluzi kwa mtu wa upande wa pili, muuza maji, akamwonyesha bibi kwa kidole. Muuza maji akatua ndoo yake.